Tarehe ya kondoo iliandikwa, ya mama je?

KONDOO ni mnyama ambaye wengi wetu wakazi wa mijini tunamjua akiwa amekwisha kuchinjwa. Tunamwona akining'inia buchani au akigeuzwa juu ya makaa siku ya harusi, na hapo uhusiano wetu naye unakoma. Ni wachache wanaofahamu kwamba mnyama huyu ndiye aliyewafundisha madaktari mengi ya yale wanayoyajua leo kuhusu moyo na mapafu ya mtoto mchanga, na kwamba kuna watoto wengi walio hai kwa sababu ya mwanakondoo mmoja wa New Zealand ambaye alitarajiwa kufa usiku na akakutwa asubuhi bado anapumua.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, kila utafiti wa wanyama unapotajwa, watu hugawanyika. Wako wanaosema ni ukatili mtupu usio na faida, na wako wanaoamini kwamba dawa iliyomfaa mnyama katika maabara ya ng'ambo haiwezi kukosa kumfaa mama wa Kayole au Kisauni. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea. Sababu ya pili ni ya nyumbani kwetu.

Mnamo 2019 mpwa wangu, ambaye anaishi mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji la Nairobi, alishikwa na uchungu usiku wa manane kabla ya siku zake kutimia. Mumewe alitafuta teksi wakaenda hospitali. Muuguzi aliyempokea alimuuliza, "Mimba ni ya wiki ngapi, mama?" Akajibu, "Sijui hasa, sista. Ni kama miezi saba, ama sita na nusu." Muuguzi akafungua kijitabu chake cha kliniki. Mahali pa tarehe ya hedhi ya mwisho palikuwa na alama ya kuuliza. Mpwa wangu alikuwa ameanza kliniki akiwa amekwisha kupita nusu ya mimba, kwa kuwa aliuza duka la mtu na tajiri wake hakuwa mtu wa kutoa ruhusa.

Dada yangu, mama yake, alikuwa amesikia kwamba iko sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto ambayo hudungwa mama. Akamwomba daktari aidunge. Daktari, kijana mdogo tu, alisita. Alisema hajui umri wa mimba, na isitoshe mgonjwa alikuwa na homa. Akataka kwanza vipimo. Mtoto hakungoja vipimo. Alizaliwa kabla ya alfajiri, mvulana, mbavu zikibonyea ndani kila alipovuta pumzi, akiguna kama mzee aliyebeba mzigo. Mashine za kusukuma hewa puani zilikuwa mbili, watoto waliozihitaji walikuwa watano. Alikufa siku ya pili.

Nilimlaumu yule daktari kwa muda mrefu, na nilimlaumu kwa sauti. Leo simlaumu. Kilichonibadilisha ni kusoma habari za kondoo.

Tuanze ndani ya tumbo la uzazi. Mtoto akiwa humo hapumui hewa. Mapafu yake yamejaa maji, na oksijeni humjia katika damu kutoka kwenye kondo la nyuma kupitia kitovu. Kwa kuwa mapafu hayana kazi ya kupumua, moyo hauyapelekei damu nyingi. Damu iliyo nyingi hupita njia mbili za mkato: tundu lililo katika ukuta wa vyumba viwili vya juu vya moyo, na mfereji mfupi unaounganisha mshipa wa kwenda mapafuni na mshipa mkuu wa mwili. Kisha mtoto anazaliwa na kulia. Katika dakika chache maji yanaondoka mapafuni, hewa inaingia, mishipa ya mapafu iliyokuwa imebana inafunguka, damu inamiminika humo, na lile tundu linajifunga kama mlango uliosukumwa na upepo. Mfereji nao hunywea katika siku zinazofuata. Hakuna siku nyingine katika maisha ya binadamu ambapo moyo na mapafu hubadili kazi kwa haraka namna hiyo.

Haya yalijulikanaje? Huwezi kumpasua mama mja mzito ili utazame tu. Huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1930, Joseph Barcroft alianza kuchunguza damu na pumzi za wanakondoo kabla hawajazaliwa. Baada yake Geoffrey Dawes, aliyeongoza taasisi ya Nuffield mjini Oxford tangu 1948 hadi 1985, aliiendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi. Mnamo 1953 yeye na wenzake walieleza kile kinachotokea mapafu ya mwanakondoo yanapojazwa hewa kwa mara ya kwanza: damu inayopita humo huongezeka mara kadhaa papo hapo. Yaani ni pumzi yenyewe inayoufungulia moyo njia. Siku hizi jambo hili laonekana dogo, lakini kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakibishana tu.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini kondoo, si panya ambaye ni rahisi kumfuga? Jibu ni kwamba mtoto wa panya ni mdogo kuliko kidole, moyo wake ni punje. Mwanakondoo huzaliwa na kilo tatu au nne, kama mtoto wa mtu. Kondoo hubeba mtoto mmoja au wawili, na tumbo lake la uzazi huvumilia upasuaji bila kumtoa mtoto, hata mtafiti anaweza kuweka mirija midogo ya kupimia na kumrudisha mtoto ndani aendelee kukua. Mwanamke wala tumbili hawavumilii hayo kwa urahisi.

Faida ya kazi hiyo haikuishia vitabuni. Mnamo 1973 watafiti wawili wa Toronto, Kanada, Coceani na Olley, walionyesha kwamba dawa za aina ya prostaglandini huulegeza ule mfereji wa wanakondoo na kuuweka wazi. Haikupita miaka mingi kabla dawa hiyo kutumiwa kwa watoto waliozaliwa na kasoro za moyo ambazo huwafanya wategemee mfereji huo, wale ambao ukifunga wanakufa. Dripu ya prostaglandini humpa mtoto kama huyo muda wa kufikishwa kwa mpasuaji.

Lakini habari ninayotaka kuisimulia hasa ni ya mapafu.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno, kwa mamilioni, ambavyo hujaa hewa na kupungua. Kinachovizuia visigandamane tunapotoa pumzi ni ute mwembamba, aina ya sabuni ya mwili, ambao wataalamu huuita safaktanti. Mtoto hutengeneza ute huu wa kutosha katika wiki za mwisho za mimba. Akizaliwa mapema, kila pumzi kwake ni kama kupuliza puto jipya, na puto hilo hurudi kuwa jipya kila mara. Huchoka. Daktari Mary Ellen Avery wa Marekani, pamoja na Jere Mead, ndio waliothibitisha mnamo 1959 kwamba watoto waliokufa kwa ugonjwa huu mapafu yao yalikosa ute huo.

Kujua chanzo hakukutosha. Tarehe 7 Agosti 1963, mke wa Rais Kennedy wa Marekani alijifungua mvulana, Patrick, yapata wiki tano na nusu kabla ya wakati. Mtoto alikuwa na uzani wa kilo 2.1, jambo ambalo leo halimtishi muuguzi yeyote wa wadi ya watoto wachanga. Alikimbizwa Boston kwa mabingwa waliokuwapo. Aliishi saa 39. Mtoto wa rais wa taifa tajiri kuliko yote na mtoto wa mpwa wangu walikufa kwa ugonjwa mmoja, wakiwa na umri karibu sawa. Tofauti ni kwamba mnamo 1963 dawa haikuwapo.

Ilipatikana bila kutafutwa. Graham Liggins, daktari wa uzazi mjini Auckland, New Zealand, ambaye wenzake walimwita Mont, alikuwa akitafuta jibu la swali jingine kabisa: ni nini kinachoanzisha uchungu wa kuzaa? Alishuku kwamba ni mtoto mwenyewe anayetoa amri, kupitia homoni za tezi iliyo juu ya figo. Basi aliwatilia wanakondoo walio tumboni dawa ya steroidi inayofanana na homoni hiyo, na kweli kondoo wakazaa mapema. Mmoja alizaliwa karibu mwezi mzima kabla ya siku zake. Mimba ya kondoo ni siku 147 hivi, na mwanakondoo wa umri ule huwa hana mapafu ya kupumulia, hufa mara moja. Huyu alikutwa asubuhi akiwa hai. Alipokufa na kupasuliwa, mapafu yake yalikuwa na hewa ndani.

Mtu mwingine angalimtupa na kuendelea na shughuli zake. Liggins aliuliza kwa nini. Aliandika habari hizo mnamo 1969, akasema huenda steroidi imeharakisha kukomaa kwa mapafu. Kisha yeye na mwenzake Ross Howie, daktari wa watoto, wakawadunga akina mama 282 waliotarajiwa kuzaa mapema, nusu wakipata dawa na nusu wakipata sindano isiyo na dawa hiyo. Matokeo yalichapishwa mnamo 1972. Miongoni mwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati bila kupangwa na madaktari, waliokufa katika siku za mwanzo walikuwa asilimia 3.2 kwa akina mama waliodungwa dawa, na asilimia 15 kwa wale wengine.

Ungedhani dunia nzima ingeruka. Haikuruka. Ilichukua miaka 22, hadi 1994, kwa wataalamu wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani kukaa pamoja na kutamka wazi kwamba akina mama wa namna hii wapewe dawa. Katika muda huo majaribio mengine yalirudiwa na kurudiwa, huku watoto wakifa. Shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya matokeo ya tafiti na kuyapima pamoja, liliichukua aibu hiyo na kuifanya nembo yake. Ile mistari midogo iliyo katikati ya nembo hiyo ni tafiti za dawa hii.

Sasa tuje kwetu. Dawa yenyewe, deksamethasoni au betamethasoni, si ghali. Kwa hiyo ilionekana jambo la kawaida kabisa kuipeleka vijijini na katika zahanati za mataifa maskini, ambako watoto wanaozaliwa kabla ya wakati hufa zaidi. Utafiti mkubwa ulifanywa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, pamoja na Argentina, Guatemala, India, Pakistan na Zambia. Watoto waliohusishwa walikaribia 100,000. Wahudumu walifundishwa kumtambua mama anayeelekea kuzaa mapema na kumdunga. Matokeo yalitolewa mnamo 2015 na kuwashangaza wengi. Katika maeneo yaliyopewa huduma hiyo, watoto 27.4 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya siku 28. Katika maeneo mengine walikufa 23.9. Si kwamba dawa haikusaidia tu. Vifo viliongezeka, na akina mama walioshukiwa kupata maambukizi wakawa wengi zaidi.

Je, kondoo alitudanganya? La. Nadhani sisi ndio tuliosahau alivyoishi kondoo yule.

Kondoo wa utafiti hupandishwa na dume siku inayojulikana, na siku hiyo huandikwa daftarini. Mtafiti anapomtilia dawa anajua kama mtoto ana siku 110 au 140. Kondoo huyo amelishwa vizuri, hana malaria, hana homa, hakutembea kilomita kumi kuja maabara. Usiku kuna mtu anayemlinda. Ondoa mambo hayo na umebaki na dawa tupu.

Katika utafiti ule wa nchi sita, umri wa mimba ulikadiriwa mara nyingi kwa kumbukumbu ya mama au kwa kupima urefu wa tumbo kwa utepe, maana picha za skani hazikuwapo. Wengi wa akina mama waliodungwa hawakuzaa mtoto mdogo hata kidogo. Walizaa watoto wa siku zao kamili, ambao hawakuhitaji dawa na huenda iliwadhuru. Steroidi pia hupunguza nguvu ya mwili kupambana na maambukizi, na mama ambaye maji yamemvunjikia siku mbili zilizopita hahitaji kupunguziwa nguvu hiyo. Na yule mtoto aliyekuwa mdogo kweli, mapafu yake yakikomaa kidogo, alizaliwa mahali pasipo na joto wala hewa ya kusukumwa wala mtu wa kumlisha kwa mrija.

Ndipo Shirika la Afya Duniani likaweka masharti mwaka huo huo wa 2015. Mama adungwe pale tu ambapo umri wa mimba umejulikana kwa uhakika, dalili zinaonyesha kweli atazaa karibuni, hana maambukizi, na hospitali inaweza kumhudumia yeye na mtoto mdogo atakayezaliwa. Kisha shirika hilo likasimamia utafiti mwingine katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, safari hii kwa akina mama 2,852 waliokuwa na mimba ya wiki 26 hadi karibu 34, zilizopimwa kwa skani. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufika mwisho kwa sababu faida ilikuwa wazi mno kuendelea kuwanyima wengine dawa. Waliokufa kati ya watoto wa akina mama waliodungwa walikuwa asilimia 19.6, na kati ya wengine asilimia 23.5. Matokeo hayo yalichapishwa mnamo 2020. Kwa hesabu ya watafiti, kila akina mama 25 wakidungwa mtoto mmoja zaidi anaokoka. Maambukizi kwa akina mama hayakuongezeka.

Dawa ni ile ile, na Kenya imo katika tafiti zote mbili. Palipokuwa na tarehe ya mimba na wadi ya kumpokea mtoto, dawa iliokoa. Palipokosekana, ilidhuru.

Nirudi kwa daktari wa mpwa wangu. Usiku ule wa 2019 alikuwa na mama mwenye homa na kijitabu chenye alama ya kuuliza. Alisita kwa sababu alikuwa amesoma. Kosa lilikuwa limetendeka miezi mitano kabla, siku ambayo mpwa wangu hakwenda kliniki, na miaka mingi kabla, siku ambayo mtu fulani alipanga kwamba wadi ya watoto wachanga ipate mashine mbili.

Takwimu za taifa zinaonyesha jinsi tulivyokwama. Kulingana na uchunguzi wa afya wa 2014, watoto 22 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai nchini walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Katika uchunguzi wa 2022 walikuwa 21. Miaka minane, mtoto mmoja. Katika muda huo huo vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 hadi 41, kumaanisha kwamba tumejifunza kuwakinga waliokwisha kukua kidogo, kwa chanjo na vyandarua, lakini wale wa siku za kwanza tunawaacha pale pale. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na nimehudhuria hafla kadhaa za kufungua majengo ya wazazi. Utepe hukatwa, picha hupigwa. Sijasikia gavana hata mmoja akitaja ni wauguzi wangapi watakaokesha na watoto wachanga usiku wa Jumapili.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 2016 kwamba kila mja mzito apigwe picha ya skani mara moja kabla ya wiki ya 24. Si kwa ajili ya kujua kama ni msichana au mvulana, kama wengi wanavyodhani. Ni kwa ajili ya tarehe. Skani ya miezi ya mwanzo hukosea kwa siku chache tu, ilhali ya miezi ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki kadhaa. Lakini akina mama wengi hulipia skani ile ya mwisho, wanapotaka kununua nguo za rangi inayofaa. Kama serikali inatafuta mahali pa kutia pesa, hapa ndipo: skani ya mapema ya bure, na mtu anayejua kuisoma, katika kila kituo cha afya chenye kliniki ya waja wazito.

Tahadhari kwa msomaji: deksamethasoni hupatikana madukani mwa dawa kwa bei ndogo, na najua makala kama haya yanaweza kumtuma mtu dukani. Usithubutu. Hiyo ni dawa ya hospitali, na sababu yake nimeieleza.

Si kila fundisho la wanyama linahitaji vyombo vya gharama. Kwa miaka mingi mtoto aliyezaliwa bila kupumua alisukumiwa oksijeni tupu, kwa kuwa ilionekana dhahiri kwamba anayekosa hewa apewe hewa iliyo bora. Ola Didrik Saugstad wa Norway alitilia shaka. Yeye na wenzake walifanya majaribio kwa watoto wa nguruwe waliopunguziwa oksijeni, wakaona kwamba waliorudishiwa uhai kwa hewa ya kawaida hawakuwa nyuma ya wale wa oksijeni tupu. Mnamo 1998 walichapisha utafiti wa watoto 609 katika nchi sita ulioonyesha jambo hilo hilo. Kufikia 2010 miongozo ya kimataifa ilikuwa imebadilika: mtoto aliyetimiza siku zake aanzishiwe hewa ya kawaida. Kwa muuguzi aliye peke yake katika zahanati ya Turkana, ambaye mtungi wake wa oksijeni hauna kitu, habari hii ina maana kwamba mfuko wa mpira wa kusukumia hewa na mikono miwili iliyofundishwa vinatosha kuanzia.

Wanaopinga utafiti wa wanyama watasema sijataja mateso. Nayataja. Wanakondoo wa Auckland na Oxford walikufa, tena kwa wingi, na hawakuulizwa. Tangu 1959 wanasayansi Russell na Burch waliandika kwamba mtafiti anapaswa kutafuta njia isiyohitaji mnyama, akikosa atumie wachache iwezekanavyo, na apunguze maumivu yao. Hapa kwetu sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inadai leseni kwa majaribio ya namna hii. Mimi naunga mkono masharti hayo yote na ningependa yakazwe zaidi. Lakini siwezi kumtazama mama aliyeketi kando ya kitanda cha mtoto anayeguna nikamwambia kwamba heri wanakondoo wale wangeachwa. Ninachokiona kuwa ukatili wa pili ni kuwaua wanyama hao, kupata jibu, kisha kuliacha jibu kwenye majarida huku kijitabu cha kliniki kikiwa na alama ya kuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama wa Kiislamu hapa Nairobi na pwani wamewahi kuniuliza. Ute ule wa mapafu siku hizi unaweza kutiwa moja kwa moja katika mapafu ya mtoto, tangu Fujiwara wa Japani alipofaulu kufanya hivyo kwa watoto kumi mnamo 1980. Yeye aliutoa katika mapafu ya ng'ombe. Baadhi ya dawa zilizoko sokoni ni za ng'ombe na nyingine ni za nguruwe. Dawa hizo ni ghali, na hospitali nyingi za umma hazina. Hata hivyo, mzazi anayetaka kujua kilichomo kwenye chupa ana haki ya kuuliza na kujibiwa bila kuonekana msumbufu. Najua mashekhe wengi huruhusu cha lazima pale uhai unapokuwa hatarini, lakini hilo ni la mzazi na shekhe wake. Daktari yeye aseme ukweli.

Mpwa wangu alishika mimba tena mnamo 2022. Safari hii alikwenda kliniki hedhi ilipokosekana mara ya pili, na tajiri mpya aliombwa ruhusa na mimi mwenyewe kwa simu. Skani ilionyesha wiki tisa. Muuguzi akaandika tarehe kwa kalamu ya wino wa buluu, akaipigia mstari mara mbili. Katika wiki ya 32 uchungu ukaja tena, mchana. Hospitali ilikuwa nyingine. Hakuna aliyemuuliza mimba ni ya miezi mingapi. Walifungua kijitabu, wakampima joto, wakamdunga. Alijifungua siku mbili baadaye, msichana, kilo moja na gramu mia saba. Aliguna siku ya kwanza, akawekewa mashine ya hewa puani kwa siku tatu, kisha akafungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa muda wa wiki mbili na zaidi.

Kijitabu hicho kimo katika sanduku la nguo la mpwa wangu. Kile cha kwanza nacho kimo humo humo, chini yake.